Bayocha ya tope la vyoo: iende shambani au iishie jikoni?

Nakuru kuna kampuni iliyo chini ya mamlaka ya maji ya mji inayotengeneza makaa ya kupikia kwa tope la vyoo. Tope hukaushwa juani, huchomwa katika tanuru lenye hewa kidogo mno hadi liwe mkaa, husagwa, huchanganywa na vumbi la mbao lililochomwa vivyo hivyo, hugandishwa kwa molasi na kufinyangwa vidonge. Kabla ya hatua ya molasi, kinachotoka tanuruni ni bayocha, ule mkaa ambao wataalamu wa udongo wangependa umwagwe shambani. Nakuru wameamua kuuza moto badala ya rutuba, na watetezi wa udongo wanaona huo ni upotevu. Nami nilidhani hivyo hivyo mpaka nilipoanza kupiga hesabu.

Hoja ya shamba si nyepesi. Udongo mwekundu wa magharibi mwa Kenya na wa Kagera una tindikali, na chuma na alumini iliyomo huing'ang'ania fosforasi, kirutubisho cha mmea, hata mahindi yakaikosa. Bayocha hupunguza tindikali. Uchambuzi wa mwaka 2017 uliokusanya majaribio ya nchi nyingi ulionyesha kwamba katika nchi za joto bayocha iliongeza mavuno kwa wastani wa asilimia 25, ilhali nchi za baridi hazikupata kitu. Lakini majaribio mengi yalitumia mkaa wa miti na mabaki ya mazao, kwa hiyo asiibebe mtu asilimia hiyo na kuibandika kwenye mfuko wa tope.

Inayonivuta zaidi ni fosforasi. Moto hauipotezi, karibu yote hubaki kwenye mkaa. Kidonge cha Nakuru kikishaivisha chakula, fosforasi hiyo imo kwenye majivu, na majivu ya jiko la mjini huishia jalalani. Wakati huo huo serikali zinatoa ruzuku ili mkulima amudu mfuko wa mbolea ya dukani. Kisha kuna minyoo. Tope likiachwa tu lijisafishe kwa joto la nchi zetu, Shirika la Afya Duniani linashauri lihifadhiwe zaidi ya mwaka ili mayai ya minyoo yafe. Tanuru la nyuzi 400 na kuendelea linayamaliza papo hapo.

Sasa upande wa pili. Naitrojeni haivumilii moto: kwenye nyuzi 500, zaidi ya nusu yake hutoka na moshi. Potasiamu nayo ilishakwenda na maji zamani. Mkulima atakayemwaga bayocha hii akaacha kununua yurea, mbolea ya naitrojeni, atalaumu watu bure. Hata sifa ya kufukia kaboni ardhini isirudi hewani hapa ni ndogo. Mkaa wa mti mara nyingi ni kaboni kwa zaidi ya asilimia 70, lakini wa tope mara nyingi haufiki 30. Sehemu kubwa iliyobaki ni majivu na mchanga. Ukiutia mkononi unaujua papo hapo: mzito, wa kijivu, na punje za mchanga zinakwaruza vidole.

Halafu maji, ambayo matangazo ya miradi huyaruka. Tope lililokwisha kukamuliwa vizuri lina yabisi, yaani kitu kikavu, asilimia 20 hivi, yaani kila kilo ya yabisi hiyo imebeba kilo nne za maji. Kuyageuza mvuke kunataka nishati ya zaidi ya megajuli 10, na kilo hiyo ya tope kavu yenyewe mara nyingi ina megajuli kati ya 10 na 17. Karibu tope lote lingechomwa ili kukausha tope. Na hilo ni lile lililokamuliwa. Linalomwagwa na magari ya majitaka mara nyingi ni maji kwa zaidi ya asilimia 95. Kwa hiyo kazi yote inategemea vitanda vya mchanga vya kuanikia tope, na jua. Kiangazi mambo huenda. Masika yakianza, vitanda hujaa, na magari hayaachi kuja. Kwa kweli huzidi, kwa sababu mvua ndiyo inayofurisha vyoo vya shimo.

Metali nzito ni miongoni mwa mambo yaliyoifanya Ulaya iwe kali kuhusu tope. Moto hauunguzi madini ya risasi wala zinki. Uzito wa tope ukipungua kwa nusu, metali hizo zinakaribia kuongezeka maradufu katika kila kilo ya mkaa. Watetezi wanajibu, kwa haki, kwamba ndani ya mkaa zimefungwa, mmea hauzifikii kwa urahisi. Hata hivyo kanuni ya mbolea ya Umoja wa Ulaya, inayokubali mkaa wa malighafi nyingi, imeliacha nje tope la majitaka. Uswisi ilipiga marufuku tope mashambani tangu miaka ya 2000, na jimbo la Maine, Marekani, likafanya hivyo mwaka 2022 kwa hofu ya PFAS, kemikali za viwandani zisizooza kwa urahisi.

Hapa naachana na wanaotaka tuzinakili sheria hizo kama zilivyo. Tope la Ulaya hutoka kwenye mabomba yanayopokea nyumba, viwanda na barabara kwa pamoja. Dar es Salaam, kwa mfano, wengi wanatumia vyoo vya shimo na makaro, na mabomba yanafikia wachache. Tope la shimo la Manzese halijakutana na kiwanda cha ngozi wala cha rangi. Ni malighafi safi kuliko yao, kwa sababu ya umaskini wa miundombinu yetu.

Lakini usafi huo una mpaka. Waulize vijana wa kutapisha vyoo, wale wanaoitwa vyura. Kabla pampu haijafanya kazi, huanza kwa kuvua taka kwa ndoano: matambara, pedi, chupa, mifuko, nyembe, betri za redio. Shimo ndilo jalala lisiloonekana. Betri zikipasuka humo zinaweza kuharibu vipimo vya shehena nzima. Kwa hiyo swali la kwanza si tanuru gani, ni tope limetoka wapi na nani alilichambua. Kiwanda cha bayocha kinachopokea gari lolote bila daftari la asili ya tope, mimi simwamini mwenye kiwanda hata akileta cheti.

Kuna suala jingine ambalo wahandisi hawalitaji, na Pwani litaulizwa siku ya kwanza: najisi. Waislamu wana madhehebu zaidi ya moja. Kwa Hanafi, kitu kikigeuka asili yake kwa moto kimetoharika. Kwa Shafi, madhehebu ya wengi hapa, majivu ya najisi hubaki najisi. Mmea ulioota juu yake haukatazwi kuliwa, ila sehemu iliyoguswa na najisi huoshwa. Jambo hilo lina jibu, ili mradi muuzaji aseme wazi kilichomo mfukoni.

Nikipima yote, Nakuru hawajakosea kwa leo. Kidonge kina mnunuzi anayelipa kila wiki, na mapato hayo yanasaidia kulipia ukaushaji. Bayocha haina mnunuzi wa namna hiyo, na faida yake ya fosforasi inamfikia mkulima taratibu, kwa misimu. Kinachoweza kubadili hesabu ni mamlaka za majitaka kukubali kulipia sehemu ya gharama, kwa kuwa kuua minyoo na kupunguza tope ni kazi yao hata kusingekuwa na shamba. Ikifika hapo, mkaa wa tope la nyumbani lililochambuliwa ungeanzia kwenye vitalu vya miti, mkonge na maua, shehena kwa shehena, na vipimo vya kadimi (metali nzito nyingine yenye sumu), risasi na zinki vibandikwe kwenye mfuko. Mahindi yafuate baadaye. Mchicha na sukumawiki ziwe za mwisho, maana mboga za majani hunyonya kadimi kuliko nafaka, na wanaolima bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, tayari wanamwagilia maji yenye uchafu mwingi.