Mwisho wa Hadithi ya Owen na Mzee

Nyumbani tulikokulia, Kisauni, Mombasa, ukutani waliishi viumbe wawili, na kila mmoja alikuwa na hadithi yake. Buibui haguswi. Tuliambiwa ndiye aliyetanda utando mlangoni mwa pango alimojificha Mtume (S.A.W.) na Abubakar, maadui wakafika, wakauona utando mzima, wakarudi walikotoka. Mama akifagia dari alikuwa akiugusa utando kidogo kwanza, mwenyewe apate kukimbia. Mwenzake alikuwa mjusi kafiri, na jina lake tu linatosha. Huyu tuliambiwa aliupuliza moto aliotupwa Nabii Ibrahim ili uzidi kuwaka. Tulimwinda kwa ndara mimi na ndugu zangu, na ule mkia uliobaki ukirukaruka sakafuni ndio uliokuwa zawadi ya mshindi.

Hukumu ya mjusi nawaachia masheikh, mimi si mtu wa fatwa. Nilichokiona ni nguvu ya hadithi. Ukuta ni mmoja, wote wawili wanakula wadudu, mmoja anapishwa na mwingine anapigwa. Mtoto mdogo hatazami mdomo wa mnyama wala kucha zake ili aamue amfanye nini. Anamtendea kama alivyosimuliwa.

Ndiyo maana nimeanza kuwa mchaguzi wa hadithi tangu binti yangu aingie PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea. Sasa ana miaka 5 na kila usiku ni lazima "paukwa", tena nisiposema mimi atasema yeye. Na kila usiku wanyama ni marafiki. Tembo na panya, simba na swala, wote wanakula meza moja na kulala kitanda kimoja. Sina ugomvi na urafiki huo. Mtoto humkaribia mnyama kwa kumpenda kwanza. Ugomvi wangu ni kwamba hadithi nyingi zinaishia hapo hapo, mtoto anabaki na rafiki asiyemjua hata anakula nini.

Mchukue Fisi. Sungura na Fisi tumelelewa nao, na sitaki wafutwe, kwa sababu hadithi zile zinawahusu binadamu: mdogo mwenye akili na mkubwa mwenye tamaa. Lakini mtoto wa mjini ambaye hajawahi kumwona fisi anabaki kuamini ni zuzu linalongoja mabaki. Fisi madoa wa kweli anaongozwa na majike, anawinda mwenyewe sehemu kubwa ya anachokula, na anatafuna mifupa mpaka kinyesi chake kikikauka kinakuwa cheupe kama chaki. Nilimwambia binti yangu habari hiyo ya kinyesi. Wiki nzima hakutaka kusikia habari ya Sungura.

Wazee wetu walikuwa makini zaidi kuliko sisi. Kile kisa cha Kima na Papa, cha kima aliyedai moyo wake ameuacha mtini, kimevuka bahari kutoka India, na huko rafiki wa kima ni mamba. Kilipofika kwetu, mamba akawa papa na mti ukawa mkuyu ulioinamia maji. Aliyekisimulia pwani alijua mtoto wake anamwona nani akirudi na wavuvi. Sisi tunafanya kinyume. Ukuta wa chekechea moja niliyoitembelea nikitafuta nafasi ulikuwa umepakwa dubu, kindi na mti wenye theluji. Theluji! Nje ya ukuta huohuo kulikuwa na mwembe, na juu ya mwembe kunguru wawili walikuwa wakijenga kiota kwa vipande vya waya. Hakuna mtoto aliyekuwa akiwatazama.

Hadithi ya urafiki ambayo kila mzazi wa pwani anayo tayari, na haina haja ya kutungwa, ni ya Owen na Mzee. Wengi tunaijua nusu.

Desemba 2004 kundi la viboko lilikuwa limeteremka na mto Sabaki mpaka baharini, karibu na Malindi. Tarehe 26 ikaja tsunami. Maji yalipotulia, alionekana mtoto mmoja wa kiboko, peke yake, kwenye miamba. Watu walihangaika naye kwa mashua, kamba na nyavu, na ikachukua saa nyingi, maana hata akiwa mtoto alikuwa na uzito wa kama kilo 300 na mwili wake unateleza kama sabuni. Alipewa jina la mmoja wa waliomkamata, Owen, akapakiwa kwenye gari na kupelekwa Haller Park, bustani ya wanyama iliyoko Bamburi, Mombasa. Akashushwa kwenye eneo alimoishi kobe mkubwa wa asili ya visiwa vya Aldabra, umri wake ukikadiriwa kuwa miaka 130, jina lake Mzee. Owen akaenda moja kwa moja kujificha nyuma ya gamba lake.

Mzee hakupendezwa. Alimfyonya na kujivuta aende zake, kiboko nyuma. Akiondoka, anafuatwa. Siku zikapita, wakaanza kula pamoja na kulala pamoja, na picha zao zikazunguka dunia nzima.

Wengi wanakomea hapo, kwenye picha. Binti yangu hakukomea. Tulipokwenda Haller Park wakati wa likizo, tulisimama mbele ya kobe mkubwa mmoja, mlinzi akamkuna shingoni. Kobe akanyoosha shingo, akajiinua kwa miguu yote minne, akatulia vile kama mtu anayenyolewa ndevu kinyozini. Mtoto alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaniuliza: "Baba, na Owen alikuwa akimkuna?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nikamwambia yaliyotokea. Owen alikua. Kiboko akikomaa anapita tani moja, na michezo yake ni ya kusukumana. Kobe akigeuzwa chali na tani moja hainuki. Kwa hiyo baada ya miaka michache walitenganishwa, na Owen akawekwa pamoja na kiboko jike aitwaye Cleo.

"Walikosana?"

"Hapana. Owen ni kiboko."

Alinyamaza muda mrefu kuliko ninavyomjua. Baadaye, tukiwa kwenye matatu, akauliza kama Cleo naye anapenda kusukumana.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa watoto wadogo, aliponisikia alinilaumu. Anasema mtoto wa umri ule haambiwi mambo ya kutengana, ataelewa akikua. Namheshimu, amefundisha miaka mingi kuliko niliyokuwa mzazi. Lakini hapa simfuati. Kuna watoto wanaokaa kando ya Sabaki na Tana, na kwao kiboko si picha. Ni mnyama anayetoka majini usiku kula majani, na ole wako ukisimama kati yake na maji. Mtoto wa Garsen aliyefundishwa kwamba kiboko ni wa kukumbatiwa amefundishwa kitu kibaya, hata kama picha zilikuwa nzuri. Ukweli wa Owen haumwondolei mtoto mapenzi. Unampa sababu ya kumpenda mnyama akiwa mbali.

Na papo hapo Haller Park kuna urafiki mwingine ninaoupenda kuliko wa Owen, ila hakuna anayeuchapisha kwenye fulana. Mahali pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mwamba mweupe mtupu wa matumbawe ya kale, jua likigonga juu na chini. Mwaka 1971 René Haller, Mswisi, alianza kupanda mivinje humo. Mivinje ikaota. Tatizo likawa majani yake, yale membamba kama sindano: yalidondoka na kurundikana bila kuoza, na bila kuoza hakuna udongo. Ndipo akawaona majongoo wakiyatafuna. Akaleta mamia yao, wakala, wakatoa, wakala, wakatoa, na kinyesi chao kikaanza kuwa udongo. Waswahili tunasema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Huyu bwana alimpeleka jongoo kwenye mti, akapata msitu.

Hadithi hii niliisimulia kwa sauti tatu: ya mvinje anayelalamika kuwa miguu yake imesimama juu ya jiwe, ya jongoo mwenye njaa, na ya jani linalogoma kuoza. Kesho yake asubuhi, kukiwa bado na umande, tulitoka uani na kumtafuta jongoo chini ya kifuu cha nazi. Tulimpata. Nilimwonyesha jinsi miguu inavyokwenda kwa mawimbi, na kwamba ukimgusa anajikunja. Nikamwambia pia asimshike kisha akatia vidole machoni, maana jongoo akikasirika hutoa maji yanayowasha. Akasema, "Kwa hiyo ni rafiki mwenye hasira." Sijawahi kusikia maelezo bora ya jongoo.

Sitaki kusema kila hadithi iwe somo. Nyingine ni za kulalia tu, na mzazi aliyerudi saa mbili usiku kutoka kazini amalizie kwa "wakaishi raha mustarehe", hana deni na mtu. Lakini mara moja moja, mnyama wa hadithi awe ni yule ambaye mtoto anaweza kuamka akamtafuta.

Kwetu mnyama huyo amekuwa, hebu fikiria, mjusi wa jikoni. Anakaa karibu na taa, na kila jioni mtoto anamhesabia mbu. Amempa jina, Bwana Taa. Wiki iliyopita nyanya yake alikuja kututembelea, akamwona Bwana Taa, na kwa mazoea ya miaka sabini mkono ukashuka wenyewe kuvua ndara.

"Nyanya, huyo usimpige. Amekula mbu saba."

Mama alisimama na ndara mkononi. Akanitazama mimi, nami nikatazama sufuria. Alikaa kimya kidogo, kisha akaivaa tena.

"Basi akae hukuhuku jikoni kwenu," alisema. "Chumbani kwangu asije."