Hakuwa Ndama, Alikuwa Mtamba

Sahibu yangu ameshaimwaga video yangu ya mbio za mafahali za Pamplona, Hispania, kwenye magrupu yote, hadi la ukoo, kwa maneno "kapigwa na ndama". Jamani, alikuwa mtamba. Chekeni, lakini chekeni kwa usahihi.

Na mnaoniandikia "wewe si Mpemba, mchezo wa ng'ombe si wenu?" Kwetu ng'ombe ana kamba! Pamplona hana.

Mbio zenyewe ni saa 2:00 asubuhi, mita 875, mafahali sita na maksai wa kuwaongoza. Wenyeji hukimbia na gazeti lililokunjwa mkononi, la kupimia pembe iko umbali gani. Mimi nilijipanga kule mwisho kabisa, karibu na uwanja. Fataki ya kwanza kulia tu, nikachanja mbuga. Nikaingia uwanjani fahali wa kwanza hata mtaa wa Estafeta, ulio njiani, hajafika. Anayeingia mapema hivyo huzomewa. Nilizomewa vizuri.

Fataki ya nne ikilia, mafahali wote wameshafungiwa zizini. Nikashusha pumzi. Kumbe ndio kwanza wanaanza kutoa mitamba, mmoja mmoja, pembe zimevishwa ngozi.

Sasa sikilizeni. Vijana hukaa chini mbele ya lango, wamebanana, ili mtamba awaruke. Mimi nikasimama nyuma yao, nikijua nina ukuta wa watu. Hebu fikirini: mnyama anayeruka ukuta anatua wapi?

Lango likafunguka. Nikaona kwato nne hewani. Nikaona tumbo, jeupe, likipita juu ya vichwa taratibu kama dau linaloingia bandarini. Akatua. Tukatazamana. Ana kope ndefu yule! Ulimi ukanitoka wenyewe: "Shikamoo."

Hakuitika.

Akainamisha kichwa, pembe ikapenya chini ya ule mshipi mwekundu niliojifunga kiunoni, fundo mbili, za kudumu (msifunge hivyo, fundo liwe la kufumuka likivutwa). Akainua. Nikawa juu, naliona jukwaa zima, mpaka mtu anakula mkate. Fundo lilipokubali kufumuka nikashuka kwa makalio, na mkono, wallahi si mimi, ni mkono, ukadaka kitu cha kwanza kilichopita. Mkia.

Pale ng'ombe hashikwi, si pembe si mkia. Anachezewa kwa mwili wako tu. Uwanja unaobeba karibu watu 20,000 ukapiga mbinja kwa pamoja, na mzee mmoja akanichapa kisogoni na gazeti lake. Nikaachia.

Basi. Msalaba Mwekundu, barafu, hakuna kilichovunjika, kwaherini.

Saa 12:30 jioni tukarudi kutazama mafahali wale wale wakipambana na matadori. Nikatazama nimesimama, mnajua kwa nini. Bibi wa nyuma akanigonga bega nikae, namziba. Nikageuka kumwomba radhi. Akanikazia macho, kisha akamtikisa shoga yake: "Ndiye huyu wa mkia!"