Ushindani pekee hautawazuia watoa huduma wa intaneti kufunga tovuti

Julai 2005, kampuni ya simu ya Telus nchini Kanada ilikuwa katika mgogoro mkali na wafanyakazi wake. Ghafla tovuti ya Voices for Change, iliyowaunga mkono wafanyakazi, ikawa haifunguki kwa wateja wa intaneti wa Telus. Kwa kuwa kilichozuiwa ni anwani ya seva nzima, tovuti nyingine zaidi ya 700 zisizohusika nazo zikawa hazifunguki kwa wateja hao. Telus ilidai kuwa picha zilizowekwa humo zilihatarisha walioendelea na kazi. Huenda hofu hiyo ilikuwa ya kweli, lakini uamuzi ule ulistahili kutolewa na mahakama, si na upande mmoja wa ugomvi.

Ndiyo maana nataka sheria inayowakataza watoa huduma wa intaneti kuzuia tovuti na huduma za wengine. Wapo wanaoamini dawa ni ushindani, si katazo kama hilo: mteja akichukizwa, ahamie kwingine. Hoja hii ina uzito. Madison River, kampuni ndogo ya simu Marekani, iliziba huduma ya Vonage ya kupiga simu kupitia intaneti, na mwaka 2005 ikakubali kulipa dola 15,000 ili kumaliza shauri lake mbele ya tume ya mawasiliano, FCC. Ilihudumia maeneo ya vijijini, ambako mteja hana watoa huduma wengi wa kuchagua. Kampuni yenye wapinzani ingefikiri mara mbili.

Ila tutazame Ujerumani. Mwaka 2009 soko lake la simu za mkononi lilikuwa na mitandao minne, na bado mmojawapo, T-Mobile, uliizuia Skype, huduma ya simu za bure kupitia intaneti. Kampuni zote zinazouza dakika za maongezi zina sababu ileile ya kuichukia simu ya bure, kwa hiyo kuhama hakumhakikishii mteja lolote. Tena, anayehama ni yule aliyegundua. Comcast, mtoa huduma wa intaneti wa Marekani, ilipokuwa ikikatiza mawasiliano ya BitTorrent, mfumo wa kubadilishana mafaili, mwaka 2007, mteja wa kawaida aliona tu kasi mbovu.

Nakubali kwamba mtoa huduma lazima aweze kuzuia barua taka na mashambulizi ya mtandaoni. Hilo linaweza kuandikwa ndani ya sheria, kama Umoja wa Ulaya ulivyofanya mwaka 2015. Kutandaza nyaya za mshindani mpya huchukua miaka. Katazo linaweza kuanza kazi mapema zaidi. Marekani, mahakama ya rufaa iliamua Januari 2025 kwamba FCC haina mamlaka ya kuweka katazo hilo. Sasa ni zamu ya Bunge lao, na majimbo yaliyo tayari kufuata California, yenye sheria yake tangu 2018.