Niiteni Mzungu, Lakini Wakili wa Kila Mwezi Simwachi

Kila tarehe mosi benki inanikata pauni 90 za wakili. Sijampigia simu mwezi mzima, inakata. Nimefunga jiko langu la biashara sikukuu za Krismasi, inakata. Juzi nikawa napiga hesabu za mafuta ya kupikia, ambayo hapa Leicester, Uingereza, yamepanda mpaka nakaanga sambusa huku roho inauma, nikaiona ile 90 imekaa kwenye orodha imetulia, nikasonya peke yangu jikoni. Pauni 90 kwa mtu ambaye mwezi ule wote alichonifanyia ni kunitakia heri ya mwaka mpya!

Haikupita wiki, ikaja barua ya wakala wa mwenye jengo nililopanga. Kurasa nne, tarehe ya mwisho imekolezwa wino. Paa linavuja, mfereji wa maji ya mvua umeoza, mafundi wameitwa, na fungu lako wewe mpangaji ni pauni elfu mbili na kitu. Usiku nikazipiga picha zile kurasa, nikamtumia wakili. Asubuhi, kabla sijawasha jiko, majibu yapo: usilipe, usiwajibu, kifungu cha matengenezo hakikubani zaidi ya hali uliyolikuta nayo jengo, na hali hiyo tunayo kwenye picha, nimeshawaandikia. Mistari mitatu. Bili ya ziada hakuna.

Hizo picha zina kisa chake. Kabla sijasaini, aliniambia nizunguke jengo lote na simu, nipige kila ufa, kila doa la unyevu, nyuma ya sinki, chini ya ngazi, hadi mfereji wa nje ambao wakati ule ulishaota majani. Tukaziambatanisha kwenye mkataba, pande zote zikasaini. Maana mikataba ya majengo ya biashara hapa inapenda kumbebesha mpangaji matengenezo yote, na kama hukuweka kumbukumbu ya ulichokikuta, siku unatoka unaweza kudaiwa ulirudishe likiwa zima jengo ulilolipokea bovu. Mimi nilijuaje? Ninachojua mimi ni pilau.

Sasa vicheko navisikia huko nyumbani Tanzania, kutoka Tandika mpaka Kirumba. "Huyu naye, jiko la kukaanga sambusa lina wakili!" Ndiyo, linaye. Na si wakili wa suti na gari refu. Ni mama mmoja wa Kihindi mwenye ofisi juu ya duka la miwani, ambaye wazazi wake waliingia mji huu 1972 na wale waliofukuzwa na Amin kule Uganda. Kiswahili chake kinaishia kwenye "lete chai" na "haraka haraka", lakini hunisalimia kwanza ndipo tuingie kwenye kazi, jambo ambalo katika nchi hii ni la kushukuru.

Kwa nini nimlipe kila mwezi na si siku nikiwa na shida? Kwa sababu mawakili wengi hapa wanahesabu muda kwa vipande vya dakika sita. Simu ya dakika mbili ni kipande. Kusoma barua pepe yako ni kipande. Matokeo yake mtu mwenye biashara ndogo anaogopa kuuliza, anasaini kwanza, anauliza baadaye, na baadaye ndiyo ghali. Ukilipa kiasi kimoja kwa mwezi unauliza bila kuangalia saa. Nimeshamuuliza mambo ya kijinga kabisa. Niliwahi kumuuliza kama mteja wa harusi akifuta oda siku mbili kabla, na mbuzi yuko kwenye viungo tayari, nina haki ya kubaki na malipo ya awali. Akaniandikia aya moja ya kuweka chini ya kila ankara yangu. Ipo mpaka leo, na watu wameacha kufuta harusi ovyo.

Na sheria yenyewe hapa inakusukuma. England na Wales kuna sheria ya mwaka 1954 ya wenye majengo na wapangaji, inayompa mpangaji wa biashara haki ya kudai mkataba mpya ule wa kwanza ukiisha. Mwenye jengo akitaka uingie bila haki hiyo anaruhusiwa, ila lazima akupe onyo la maandishi, kwa maneno yaliyopangwa na sheria, na onyo hilo linakuambia usijifunge mpaka umelisoma kwa makini na kuzungumza na mshauri wa kitaalamu. Likikufikia zikiwa zimebaki pungufu ya siku 14 kabla ya kujifunga, inabidi ukaape mbele ya wakili mwingine asiye wa upande wowote kwamba umeelewa unachokiachia. Kiapo hicho ni pauni 5. Hebu fikiria: baba mwenye nyumba analazimishwa na sheria akwambie nenda katafute mtu akusomee! Wa kwetu ukimwambia unaenda nao mkataba nyumbani ukausome, anauliza kama una matatizo.

Maana kwetu tunajuana. Fremu, chumba cha duka, Kariakoo unaipata kwa dalali, na dalali anachukua kodi ya mwezi mzima kwa kazi ya kukuonyesha mlango. Kilemba, pesa ya kuachiwa nafasi, unampa mpangaji aliyekuwepo, mkononi, bila karatasi. Kodi ya mwaka unaweka mezani. Halafu mkataba: fomu ya steshenari, imetolewa kopi juu ya kopi mpaka herufi zimefifia, ina vistari vya kujaza majina, na mahali fulani imeandikwa mpangaji atafuata masharti ya mwenye nyumba, bila kuyataja masharti. Picha za pasipoti zinabandikwa, dole gumba, muhuri wa Serikali ya Mtaa, soda moja moja, kwisha.

Mdogo wangu ana fremu ya madera pale. Mwaka jana jengo likauzwa. Mnunuzi mpya akataka kuvunja ajenge ghorofa, na wapangaji wote wakapewa mwezi mmoja wakati kodi zao zilikuwa zimelipwa mpaka mwisho wa mwaka. Mdogo wangu akakimbia na karatasi yake kwa wakili, mara ya kwanza maishani. Wakili hakuuliza habari ya jengo. Aliuliza: stempu ya TRA iko wapi? Ushuru wa stempu wa mamlaka ya mapato, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Mkataba usiolipiwa mahakama haiupokei kama ushahidi mpaka uulipie pamoja na adhabu. Mdogo wangu anaonyesha muhuri: si huu hapa, wa mwenyekiti wa mtaa? Muhuri ulikuwepo, mzuri, wa bluu, na haukuwa ule unaoulizwa.

Kisha wakili akasoma kifungu kingine kilichoongezwa kwa mkono pembeni, kwamba "kodi zote za serikali ni juu ya mpangaji". Kwa hiyo ile asilimia 10 ya pango, ambayo sheria inasema mpangaji mfanyabiashara aikate kwenye pesa ya mwenye nyumba aipeleke TRA, mdogo wangu alikuwa anaitoa mfukoni mwake juu ya kodi kamili. Alikuwa anajua? Hapana. Alisaini? Ndiyo, na soda alikunywa.

Dalali alichukua laki nane zake na hakuna aliyesema ghali. Wakili wa kumsomea ule ukurasa mmoja kabla hajasaini angetaka laki moja na nusu, na hapo ndipo Mbongo anakumbuka kubana matumizi.

Najua mnachotaka kusema, maana mlishanisema kwenye kundi la familia. "Ulaya imekuingia kichwani, huku tunamalizana kwa wazee." Haya. Mimi mambo ya wazee siyatupi, na ninyi mlioko nyumbani hamjui mlichonacho. Hapa nikikosana na jirani wa duka la pili, hakuna mjomba wa kumtuma. Tunaandikiana barua mwaka mzima juu ya pipa la taka. Pipa! Kwetu jambo lile lingekwisha alasiri moja kwa kahawa na kashata, na jioni tumekaa baraza moja. Kwa hilo tumewashinda watu hawa kwa mbali sana, wala siwaonei haya kuwaambia.

Lakini wazee wanapatanisha watu wanaojuana, waliozikana. Aliyenunua lile jengo hakuna msiba wetu aliowahi kukaa. Ana kampuni, kampuni ina wakili, na wakili wake analipwa kila mwezi, nataka mlisikie hilo vizuri. Mnaonicheka mimi na pauni zangu 90 mnapanga kwa watu ambao siku zote wana wa kuwasomea.

"Mtaji wangu laki tano, wakili nimlipe nini?" Wewe sikukuambia. Mama ntilie wa sufuria mbili hana haja naye. Nawasema ninyi mnaoshusha mzigo wa Guangzhou, wenye mashine ya risiti ya EFD kaunta na vijana watatu dukani. Vijana wenyewe hawana barua ya ajira hata mmoja. Siku ukimfukuza mmoja kwa hasira, ana siku 30 za kwenda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, kulalamika, na wengi siku hizi wanajua njia. Unaitwa, unadharau wito, shauri linasikilizwa bila wewe. Na jina la duka uliloandikisha BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ukadhani limekuwa lako, kumbe jina la biashara na alama ya biashara ni usajili mbalimbali, na alama ya Bara ukivuka Zanzibar haikulindi. Hayo unaulizia kwa simu ya dakika tano kama kuna mtu wa kumuuliza.

Wa tatu anasema mawakili wenyewe matapeli. Wapo, sibishi. Wapo hata vishoka wanaokaa nje ya mahakama na begi tupu. Jina la wakili siku hizi linatafutwa kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, bure, kwa simu hiyohiyo unayosomea umbea. Ila malalamiko haya kwangu ndiyo sababu hasa ya kuwa naye wa kudumu. Wakili uliyemwita kwa kesi anakula ukiwa unagombana, na kesi ikirefuka na sahani inajaa. Wa kila mwezi hali yake nyingine. Pesa yake inaingia ukiwa umetulia, na ukiburuzwa mahakamani yeye ndiye anaongezewa kazi. Mimi namtaka huyo ambaye amani yangu ina faida kwake. Watu wanamwogopa wakili kwa sababu wamemjua wa aina moja tu, yule anayekuja na faili la kesi.

Hoja inayonisumbua kweli ni ya nne, ya mdogo wangu mwenyewe: mwenye fremu akisikia habari za wakili anakunyima fremu, maana nyuma yako wamepanga foleni kumi. Ni kweli, Kariakoo haina huruma. Lakini nani kasema umpeleke wakili pale? Mwenye jengo langu huku hakumwona wakili wangu hata siku moja wakati wa kusaini. Wakili alinisomea, akaniambia omba hiki na hiki, kile usikipiganie hawatakubali, nikaenda kuomba kwa mdomo wangu, kwa tabasamu, na sambusa kwenye mfuko. Mwenye fremu akikataa yote na ukaamua kuingia hivyohivyo, angalau umeingia unajua shimo liko wapi.

Na msiniambie serikali italeta. Kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia tangu 2023 imewafikia watu wengi, Mungu aibariki, lakini huko ni ardhi, mirathi, ndoa. Mkataba wa fremu utasaini Jumanne saa nne, dalali amesimama mlangoni anaangalia saa. Sheria imeshasema tangu 2021 kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama, ila nendeni mkaone mikataba ya zile ghorofa mpya imeandikwa kwa lugha gani, kurasa kumi na kitu.

Gharama mnaiweza, acheni. Hapa kuna shirikisho la wafanyabiashara wadogo, lipo tangu 1974. Unalipa ada ya uanachama, ndani yake kuna simu ya ushauri wa sheria. Sisi tulianza kuchangiana kabla yao. Kikoba kina katibu, kina mhazini, kina faini ya kuchelewa, kina sare za kitenge! Korido moja ya fremu ishirini, kila mmoja elfu ishirini kwa mwezi, ni laki nne, na kuna mawakili vijana Dar wametoka shule ya sheria wanahangaika na kodi ya meza ambao watawapokea kwa mikono miwili.

Mdogo wangu nimemsukuma mpaka amefungua kundi la WhatsApp la korido yake mpya. Wamekubali kumi na moja. Wengine wanasubiri waone. Mmoja, mwenye duka la viatu karibu na ngazi, amegoma kabisa, anasema yeye na mwenye jengo wanaswali msikiti mmoja. Mdogo wangu akamuuliza mkataba wake unaisha lini. Hajui. Ngoja autafute, anasema mara ya mwisho aliuona chini ya boksi la raba.