Mdai wa kweli haogopi kuandika

Simu ya tapeli wa madeni huanza na jina lako, majina yote matatu, na hapo ndipo wengi wanapokamatwa. Sauti ni ya mtu mzima, imetulia. Anajitambulisha kuwa wakili, au afisa wa kampuni ya kukusanya madeni, au askari wa kitengo fulani. Anakutajia tarehe yako ya kuzaliwa, pengine na benki unayotumia. Kisha anakueleza kwamba kuna mkopo uliochukua miaka kadhaa iliyopita, hukuulipa, riba imezaa riba, na sasa faili liko kwa hakimu. Ukilipa leo kabla ya saa kumi jioni, kesi inafutwa. Usipolipa, kesho asubuhi utafuatwa kazini, mbele ya wenzako.

Mkopo wenyewe haupo. Au ulikuwepo, ukaulipa ukaisha. Au upo kweli, lakini anayepiga siye uliyekopa kwake, wala hakutumwa naye. Yote matatu ni deni hewa, na yote matatu yanalipwa kila siku na watu wenye akili zao timamu.

Maonyo tunayopewa kuhusu matapeli hawa karibu yote yanahusu uongo wao: vyeo vya kubuni, barua zenye nembo za kughushi, namba za simu zilizobandikwa jina la benki. Ni kweli, na inafaa kujua kwamba namba inayotokea kwenye kioo cha simu inaweza kughushiwa, hivyo kuiona namba ya ofisi halali hakuthibitishi kitu. Ila naamini tapeli wa madeni hategemei sana uongo wake. Anategemea aibu yetu. Anajua kwamba ukisikia neno deni utashusha sauti, utatoka nje, utafunga mlango, na hutamwuliza mke, mume, ndugu wala rafiki kabla ya kulipa. Akishakutenga na watu wako, kazi iliyobaki ni ndogo.

Ndiyo maana wanaoumia zaidi ni wale wenye madeni ya kweli. Mtu asiye na mkopo popote anaweza kucheka na kukata simu. Mwenye mikopo minne au mitano, mingine ya kwenye simu, mingine ya kikundi, mmoja aliomdhamini shemeji yake, hana uhakika wa kumbukumbu zake. Akiambiwa kuna wa sita, moyo unamwambia labda ni kweli. Huyu ndiye ambaye tunapaswa kumfikiria tunapozungumzia jambo hili, na ndiye tunayemdharau tunaposema "mimi hawanipati, wanapata wajinga." Kauli hiyo inanikera. Kila anayeisema anamfunga mdomo jirani yake aliyetapeliwa, na mdomo uliofungwa ndio mtaji wa tapeli.

Watu huuliza: sasa wamejuaje taarifa zangu? Marekani, ambako biashara hii imechunguzwa sana, kuna kesi inayojibu swali hilo. Joel Tucker alikuwa mfanyabiashara aliyezunguka kwenye sekta ya mikopo midogo ya intaneti, ile ya kukopa ukingoja mshahara. Watu waliojaza fomu mtandaoni kutafuta mikopo hiyo waliacha majina, namba za utambulisho na taarifa za benki. Tucker akauza orodha za "wadaiwa" kwa kampuni za kukusanya madeni, orodha zenye watu ambao hawakuwa wakidaiwa kitu na wakopeshaji waliotajwa humo. Serikali ilimshtaki, na mwaka 2021 akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 12.

Katika kesi hiyo kuna jambo linalonifikirisha kila mara. Orodha ikishauzwa mara mbili au tatu, kijana anayekupigia simu anaweza kuwa anaamini kabisa kwamba unadaiwa. Hadanganyi kwa makusudi. Amenunuliwa uongo akapewa ausome. Kwa hiyo usitafute ukweli kwenye sauti yake. Ukali wake haushuhudii kitu, wala upole wake, wala machozi ya huruma anayokuonyesha akikuambia anakusaidia usifike mahakamani. Vilevile, kujua kwake tarehe yako ya kuzaliwa kunathibitisha jambo moja tu, kwamba taarifa zako zimevuja mahali.

Wengine, bila shaka, wanajua vizuri wanachofanya. Oktoba 2016 polisi wa Thane, karibu na Mumbai, walivamia vituo vya simu ambamo mamia ya wafanyakazi walikuwa wakiwapigia Wamarekani na kujifanya maafisa wa kodi wa nchi yao. Walisoma maneno yaliyoandikwa tayari: unadaiwa kodi, hati ya kukukamata imetoka, lipa sasa. Na malipo yenyewe? Nunua kadi za zawadi dukani, kwangua, nisomee namba. Mwaka 2018 mahakama ya Texas iliwahukumu washiriki wa mtandao wa namna hiyo waliokuwa Marekani, wengine hadi miaka 20 jela.

Njia hiyo ya kulipa inastahili kuangaliwa kuliko kitu kingine chochote katika mazungumzo. Kadi za zawadi, vocha, sarafu za kidijitali, pesa ya kutumwa kwenye namba yenye jina la mtu binafsi: zote zina sifa moja, ukishatuma huwezi kuirudisha kirahisi. Hakuna mahakama inayopokea faini kwa vocha. Hakuna benki inayokusanya marejesho kupitia laini ya simu ya "mhasibu wetu".

Tuje kwenye kitisho cha jela, maana ndicho kinachovunja watu miguu. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, ibara ya 11, unasema mtu asifungwe kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Najua zipo nchi ambazo sheria zake bado zinaruhusu mdaiwa kuzuiliwa kwa amri ya mahakama katika kesi ya madai. Hata huko, lazima kwanza kuwe na kesi, upelekewe wito, usikilizwe, hukumu itoke, na mdai aombe utekelezaji. Hiyo ni safari ndefu ya makaratasi. Haianzi saa nne asubuhi kwa simu na kuishia saa kumi jioni kwa pingu.

Na sheria za ukusanyaji madeni, pale zilipo, zinambana hata mdai halali. Marekani ina sheria ya mwaka 1977 inayomkataza mkusanya madeni kujifanya afisa wa serikali, kutishia kukamata watu bila msingi wa kisheria, kuwatangazia majirani habari za deni, au kupiga simu kabla ya saa 2 asubuhi na baada ya saa 3 usiku. Inamtaka ndani ya siku 5 tangu awasiliane nawe mara ya kwanza akupe maelezo ya deni kwa maandishi, nawe una siku 30 za kulipinga kwa maandishi. Ukilipinga, anasimama mpaka alete uthibitisho. Kenya nayo, kwa kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali, imekataza vitisho, matusi, na ile tabia ya kupigia watu walio kwenye orodha ya majina ya simu yako ili kukuaibisha. Maana yake ni kwamba mtu anayekutisha kwa simu ama ni tapeli, ama ni mdai anayevunja sheria. Kwa vyovyote vile, hapo kwenye simu hapastahili kutoka hata senti.

Kwa hiyo mimi nashauri jibu moja, la adabu na lisilobadilika: "Ndugu yangu, madeni sizungumzi kwenye simu. Niandikie jina la kampuni yenu, anwani, nani alinikopesha, lini, kiasi gani, na nakala ya mkataba. Nikipata nitajibu." Halafu kata. Usithibitishe jina la mwajiri, usirekebishe tarehe anayokosea, usiseme "ule mkopo nilishaulipa" kwa sababu umemwambia kwamba ulikuwepo. Mdai wa kweli hatapungukiwa kitu kwa ombi hili. Anao mkataba, anayo kumbukumbu ya malipo, na kuandika ni sehemu ya kazi yake. Tapeli ataanza kufoka, maana kila alichonacho kiko mdomoni, na akikiandika kinageuka ushahidi dhidi yake. Wapo wanaotuma barua ya kughushi, ni kweli, lakini barua unaweza kumpelekea mwanasheria au kuisoma na mwenzako mezani, na hilo tu linavunja upweke aliokuwa akiutegemea.

Ukishakata, mtafute mwenyewe mkopeshaji aliyetajwa, kwa namba iliyo kwenye mkataba wako au kwa kufika ofisini, kamwe si kwa namba uliyopewa na mpigaji. Kama nchi yako ina ofisi za taarifa za mikopo, omba ripoti yako uone kilichoandikwa. Isipotaja deni hilo haimaanishi moja kwa moja halipo, ila ni dalili nzuri.

Kuna mtego mmoja ambao hata watu waangalifu huingia: "Basi tuma kidogo tu, kuonyesha nia njema, nikuzuilie faili." Kiasi kidogo kinaonekana kama bei ndogo ya kununua amani. Kwa tapeli, ni taarifa kwamba wewe unalipa, na jina lako litahamia kwenye orodha ya watu wanaolipa, ambayo nayo inauzwa. Hata kama deni ni la kweli lakini la zamani, malipo kidogo yanaweza kukuumiza. England na Wales, kwa sheria ya ukomo ya 1980, deni la kawaida la mkataba halidaiwi mahakamani baada ya miaka 6, lakini ukilipa sehemu au ukalikiri kwa maandishi kabla muda haujaisha, hesabu inaanza upya. Nchi nyingine zina muda na masharti yake. Usilipe kununua amani kabla ya kujua unacholipia.

Sina hamu na ule mchezo wa kuwachezea matapeli, kuwaweka kwenye laini saa nzima, kuwatukana na kusambaza sauti. Naelewa hasira yake. Lakini mtu huyo ana jina lako na pengine anapajua unapoishi, na kila sekunde unayozungumza anajifunza kitu. Isitoshe hujui aliyeko upande wa pili. Mwaka 2023 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza kwamba huenda watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na 100,000 hivi Kambodia wanashikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Si wote hao wanaopiga simu za madeni, wala si wote wanaopiga simu hizo ni mateka. Ila inatosha kunizuia kufanya burudani ya jambo hili.

Nguvu hizo ziende nyumbani. Kila mtu mwenye mikopo awe na daftari moja: nani alimkopesha, lini, kiasi, ameshalipa nini, na barua ya kumaliza mkopo ibandikwe humo siku ileile ya rejesho la mwisho. Mtu mmoja anayemwamini ajue daftari lilipo. Wazazi wetu waambiwe mapema, kabla simu haijaingia, kwamba mtoto wao anaweza kutajwa kuwa ni mdaiwa na wao kuombwa wamwokoe. Matapeli wanajua kwamba mzazi hulipa haraka kuliko mdaiwa mwenyewe. Mwajiri pia anaweza kupigiwa. Ukiwatangulia kwa maneno machache, kitisho cha kukuanika kinakosa kazi.

Na wakubwa waguswe pia. Siwezi kukubali kwamba mzigo wote wa kujilinda abebe mama anayepokea simu akiwa sokoni, wakati kampuni iliyokusanya namba yake ya kitambulisho na kuiacha ikauzwa haiulizwi. Tunajaza fomu kila mahali: za mikopo, za bahati nasibu, za usajili wa laini, za kazi ambazo hazipo. Kila fomu ni bidhaa kwa mtu fulani. Mamlaka za kulinda taarifa binafsi zinapaswa kufuata orodha mpaka kwa muuzaji wa kwanza, kama ilivyofanyika kwa Tucker, badala ya kuishia kwa kijana aliyeshika simu. Kampuni za simu na za kutuma pesa nazo zinaona namba zinazopokea malipo ya ghafla kutoka kwa wageni kisha zinakombwa ndani ya dakika chache. Zina uwezo wa kuzisimamisha, na ziwajibishwe zisipofanya hivyo.

Aliyekwisha kulipa asikae na uchungu wake chumbani. Apige simu benki au kampuni iliyotuma pesa saa ileile, kwa sababu muamala ambao haujatolewa upande wa pili huenda ukazuiwa. Abadilishe nywila na namba za siri alizotaja. Aripoti polisi na atunze ujumbe wote, hata wa matusi. Baada ya hapo awe macho zaidi kuliko mwanzo. Wiki chache baadaye anaweza kupigiwa na "afisa wa kurejesha pesa zilizoibiwa", mwenye kumbukumbu kamili za kiasi alichotuma na siku aliyotuma, anayeomba ada ndogo ya kufungua faili. Kiasi hicho na tarehe hiyo vinajulikana na waliomwibia. Huyo naye aambiwe aandike barua.