Bampa la mbele tulilinde wenyewe, nyumbani

Pita kwenye maegesho ya Mwanjelwa au Kabwe, hapa Mbeya, uangalie magari yalivyo usoni. Boneti safi, milango haina mkwaruzo, lakini bampa la mbele limejaa vidoti vyeusi kama limenyunyiziwa pilipili manga. Hizo ni kokoto. Kwenye TANZAM, barabara kuu iendayo Zambia, gari dogo hutembea nyuma ya malori ya Tunduma, na tangu ianze kazi ya njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi, mawe madogo barabarani yameongezeka. Anayepanda na kushuka mlima Kitonga anayajua. Anayekwenda Kitulo kwa njia za changarawe anayajua zaidi.

Msimamo wangu ni huu: fedha ambayo mtu wa Nyanda za Juu Kusini anaitenga kwa ajili ya kupiga rangi bampa, aitumie mapema kununua filamu ya kulinda rangi, yaani plastiki angavu yenye gundi inayobandikwa juu ya rangi, na aibandike mwenyewe nyumbani rangi ikiwa bado nzima. Bampa tu, siyo gari zima.

Kwa nini nisiseme tu apige rangi upya? Kwa sababu bampa si bati. Mengi ni plastiki ya polipropilini, na rangi haiishiki plastiki hiyo bila praima maalumu ya plastiki. Fundi anayeruka hatua hiyo, na wako wengi, anakupa bampa linalong'aa siku ya kulichukua, kisha siku moja pampu ya kuoshea gari inalibandua rangi vipande vipande. Halafu kuna weupe wa lulu, ile rangi namba 070 ya Toyota iliyojaa kwenye Harrier na Noah zetu. Ile ni tabaka tatu: nyeupe ya chini, lulu juu yake, kisha kilaa, ile rangi angavu ya kung'arisha. Fundi anayechanganya kwa jicho haifikii. Na wanunuzi wa huku hawana mchezo: bampa likipishana rangi na fenda, swali la kwanza ni "Liligongwa wapi hili?", na bei inashuka hapo hapo, hata kama halikuwahi kugongwa.

Sasa filamu yenyewe. Madukani utaonyeshwa vitu viwili vinavyofanana. Kuna stika ya vinaili, nyembamba, unene wake kama milimita 0.1 hivi. Hiyo inazuia mikwaruzo ya matawi, mchanga na jua, lakini jiwe lenye kasi linaipita. Kuna na filamu ya poliurithani, karibu mara mbili kwa unene, yenye kunepa. Jiwe likigonga, yenyewe inabonyea na kurudi. Asili yake ni Marekani, ambako kampuni ya 3M iliitengeneza kulinda mapangaboi ya helikopta za kijeshi enzi za vita ya Vietnam. Kwa anayezunguka mjini tu, vinaili inatosha. Kwa anayekwenda Makambako na Iringa kila mara, nasema wazi: anunue poliurithani, hata ikibidi asubiri mpaka mwisho wa mwezi.

Jambo linaloamua kazi hii kwetu ni hali ya hewa. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Juni au Julai gundi inakuwa ngumu, filamu inakakamaa, haikunji kona. Joto zuri ni kati ya nyuzi 16 na 27. Agosti mpaka Oktoba joto lipo, ila upepo unabeba vumbi, na punje moja ikiingia chini ya filamu utaiona kila siku. Mimi napenda mwisho wa mvua, Aprili kuingia Mei: vumbi limelala, baridi kali haijafika. Fanya kazi kivulini, jua likishapanda, na mwagia maji sakafu au ardhi unapofanyia.

Kuosha ndiyo nusu ya kazi, na ndipo watu wanapokosa subira. Madoa ya lami yatoe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kisha osha kwa sabuni mpaka mafuta yaishe kabisa. Malizia kwa spiriti ya isopropili iliyochanganywa na maji. Polishi yoyote yenye silikoni ikibaki, gundi haishiki. Fungua kibao cha namba. Kata filamu ukiwa umeiweka mezani, ukifuata kielelezo cha karatasi uliyoipima kwenye bampa. Kukata kwa wembe juu ya rangi, hata kama mafundi wa tinti wanafanya hivyo kwenye kioo, ni kuichora rangi uliyokuja kuilinda.

Poliurithani inabandikwa kwa maji: weka matone machache ya shampuu ya mtoto kwenye chupa ya kupulizia, lowanisha bampa, lowanisha upande wa gundi, lowanisha vidole pia. Mwombe mdogo wako au jirani ashike upande wa pili. Anzeni katikati, kwenye mstari wa nembo, kisha sukuma maji kwenda pembeni kwa kibao laini cha mafundi wa tinti. Penye kona, pasha moto kidogo kwa draya ya saluni na uvute polepole. Filamu iliyovutwa kupita kiasi itarudi nyuma na kuinua ukingo. Vinaili yenye vinjia vya hewa kwenye gundi ni tofauti, hiyo hubandikwa kavu. Nayo usiilazimishe kuingia kwenye mashimo ya taa za ukungu. Weka vipande viwili, maungio hayataonekana kwa mbali.

Wapo wanaoifunika rangi mbovu kwa filamu ili kuuza gari. Hiyo siikubali. Rangi inayobanduka itang'oka na filamu siku ya kuitoa, na rangi mpya ya mtaani inahitaji walau mwezi kukauka na kutoa hewa yake kabla haijafunikwa.

Vipovu vidogo vya maji vitakauka vyenyewe, ila kwa baridi yetu vinachukua muda zaidi. Usioshe gari kwa wiki moja, na baada ya hapo mwambie kijana wa kuosha asielekeze pampu kwenye kingo.

Kwa wauzaji wetu nina ombi. Roli nyingi za filamu zina upana wa mita 1.52, na bampa moja la gari dogo linahitaji kipande kifupi tu. Wauze kwa mita, waandike ni vinaili au poliurithani, na waonyeshe unene wake. Mwalimu wa Rungwe au mkulima wa Mbarali mwenye gari moja hana sababu ya kununua roli nzima, wala ya kusafiri mpaka Dar es Salaam kwa ajili ya bampa.