Kitambulisho kwenye ndege za ndani: kanuni iandikwe, ibandikwe ukutani

Abiria anayetoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, Dodoma au Zanzibar anaweza kuombwa kitambulisho mlangoni mwa jengo la abiria, kwenye kaunta ya kampuni ya ndege, na tena getini. Wanaoomba ni wa taasisi tofauti na kila mmoja ana sababu yake. Abiria yeye anaona sare tu. Akikataliwa, hajui kama aliyemzuia ni sheria ya nchi, sharti la tiketi, au uamuzi wa aliyeko zamu. Msimamo wangu: kama mtu anaweza kuachwa na ndege kwa sababu ya kadi, kanuni inayomwacha iandikwe kwa Kiswahili na ibandikwe anapopita.

Misingi ya usalama wa anga imo katika Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, na hapa kwetu msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Kiambatisho hicho kinalenga hasa safari za kimataifa, kisha kinazitaka nchi zitumie hatua hizo kwenye safari za ndani kadiri inavyowezekana. Uzito wake uko kwenye kukagua watu na mizigo, na kuhakikisha begi la mtu ambaye hakupanda haliondoki na ndege. Kadi haioni kisu. Mashine ndiyo inayokiona. Kazi ya kadi ni kulinganisha jina na uso, kuzuia tiketi isiuzwe mkono kwa mkono, na kuifanya orodha ya abiria iaminike ajali ikitokea. Hizo ni sababu za maana, wala siombi ukaguzi ufutwe. Ila Ibara ya 17 ya Katiba inampa raia uhuru wa kwenda atakako ndani ya Jamhuri ya Muungano. Kizuizi cha uhuru huo kinapaswa kuwa na sheria nyuma yake, na raia awe anaweza kuisoma.

Marekani waliwahi kuvutana juu ya jambo hili hili. Mwaka 2002 John Gilmore alikataa kuonyesha kitambulisho kwa safari ya ndani, akataka aonyeshwe sheria inayomlazimisha. Kanuni yenyewe ilikuwa siri. Mwaka 2006 mahakama ya rufani iliusoma waraka huo faraghani, wananchi wasiuone, ikamnyima ushindi. Usiri huo sioni namna ya kuutetea. Lakini hukumu hiyo hiyo ilitaja jambo la kuigwa: asiye na kitambulisho angeweza kusafiri akikubali kupekuliwa kwa kina zaidi. Njia ya pili kama hiyo, ikiwa wazi na imeandikwa, ingewafaa wengi hapa.

Maana wengi wanaokwama kaunta kadi wanayo. Kinachowakwamisha ni majina. Mtanzania ana majina matatu: lake, la baba na la babu au ukoo. Mfumo wa tiketi una visanduku viwili, ukoo na jina la kwanza. Asha Juma Hamisi akimpigia wakala simu, mmoja ataandika HAMISI/ASHA, mwingine JUMA/ASHA, na mfumo ukibandika MS (yaani Bi.) bila nafasi tiketi inatoka ASHAMS. Hapo bado hujafika kwa Mohamed, Muhammad na Mohammed, au kwa mke ambaye kadi yake ina jina la baba na tiketi ina jina la mume. Kuna hata anayekatiwa tiketi kwa jina la mtaani, kwa kuwa ndilo lililohifadhiwa kwenye simu ya aliyelipa.

Dawa ni kumtumia wakala majina kwa maandishi, herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye kadi utakayobeba, na kuisoma tiketi siku hiyo hiyo inapotumwa. Herufi iliyokosewa irekebishwe mapema na aliyekata tiketi. Saa moja kabla ya ndege kuruka, kaunta ina foleni na mtu wa kurekebisha huenda hayupo. Kubadili mtu ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa tiketi kwa kawaida haihamishiki. Mwenye jina la ndoa abebe cheti cha ndoa. Mtoto abebewe cheti cha kuzaliwa, hata kama ni wa kupakatwa.

Halafu kuna suala la namba ya NIDA, yaani namba ya kitambulisho cha taifa. Watu wengi walikaa na namba muda mrefu kabla ya kupata kadi. Namba ina tarakimu 20 na haina picha, hivyo aliyeko kaunta hawezi kuilinganisha na uso. Mwenye namba tu abebe pia kadi ya mpiga kura, leseni ya udereva, pasipoti au kitambulisho cha Mzanzibari Mkazi. Aliyepoteza kadi abebe taarifa ya upotevu ya Polisi pamoja na kitu kingine chenye picha yake, maana karatasi ile peke yake haithibitishi uso.

Bango ninalolitaka lingetosha ukurasa mmoja: hati zinazokubaliwa, tofauti za jina zinazovumilika, utaratibu kwa aliyepoteza kadi, na cheo cha mwenye neno la mwisho. Anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi. Bila karatasi hiyo, malalamiko yake kwa kampuni au TCAA yanakuwa neno lake dhidi ya neno la mtumishi, na ndege imeshaondoka.

Na kadi ionyeshwe, isipigwe picha. Tarakimu 8 za mwanzo za namba ya NIDA ni tarehe ya kuzaliwa, na namba nzima inamfuata mtu benki na kwenye laini ya simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka taarifa zikusanywe kwa lengo halali na kwa kiasi kinachohitajika. Kulinganisha jina hakuhitaji nakala, na wakala anayeomba picha ya kadi kwa WhatsApp aulizwe ataifuta lini.